Kompyuta Iliyoniita Nusu Jina

Vumbi likikaa muda mrefu ndani ya mashine, halafu mashine ikawashwa, lina harufu yake. Si ya moshi, wala si ya plastiki inayoungua. Inafanana na blanketi la sufu lililoanikwa karibu na jiko la mkaa. Mwezi uliopita fundi alikuja ofisini kwetu hapa Mbeya kukagua kompyuta kuukuu zilizorundikwa stoo, aseme ipi ya kutupa na ipi bado ina uhai. Alipowasha ya kwanza harufu ile ikanijia nikiwa mezani kwangu, nikaweka kalamu chini. Wenzangu walidhani nimekumbuka nimeacha pasi kwenye umeme nyumbani. Nikatoka nje, nikasimama kwenye baridi, nikamkumbuka Baba Mkubwa, chumba chetu cha mbele pale Mlandege, Iringa, na miezi ile nilipokuwa na miaka tisa.

Sisi wa rika langu tunazikumbuka siku zile. Kompyuta ilikuwa kitu cha benki na cha ofisi kubwa za serikali, ukiiona unaiona kwa mbali, kupitia kioo, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama mtu aliyelala. Hakuna aliyekuwa nayo nyumbani. Sisi tulikuwa nayo kwa muda wa wiki nne hivi, na katika wiki hizo niliipenda kuliko nilivyompenda mtu yeyote aliyekuwa karibu yangu.

Mama alinileta Iringa asubuhi moja ya kiangazi, upepo ukivuma na vumbi jekundu likizunguka uani. Baba yangu alikuwa amefariki kabla sijaanza shule. Mama alikuwa amejaribu kuuza vitumbua, akajaribu kushona, na sasa alikuwa amesikia kwamba huko Makongolosi, kwenye machimbo ya dhahabu, mwanamke anayejua kupika hakosi watu wa kula. Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu, alikubali kukaa na mimi.

"Nakwenda kutafuta, Lili," Mama aliniambia, akinifunga vifungo vya sweta ingawa nilikuwa najua kufunga mwenyewe. "Nikishajipanga, nakufuata."

Nililishika neno lile. Shuleni tulikuwa tunajipanga kila asubuhi, mistari minne, wafupi mbele. Nikaamini kwamba huko Makongolosi kuna foleni ndefu ya akina mama, na Mama amekwenda kusimama mwishoni, na zamu yake ikifika atapewa ruhusa ya kuja kunichukua. Nilimwonea huruma kwa kusimama kwenye jua. Sikumkasirikia hata kidogo.

Nyumba ya Baba Mkubwa ilikuwa kubwa kuliko watu wake. Mama Mkubwa alikuwa na mashamba ya mpunga Ubaruku, na msimu wote alishinda huko akifukuza ndege, akirudi baada ya mavuno tu. Watoto wao walikuwa wameshaoa na kuolewa. Tulibaki wawili. Baba Mkubwa alikuwa mrefu, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba sikioni. Alisomea mitambo ya redio miaka ya sabini, akiwa kijana, na alizunguka nyanda za juu zote akifunga redio za mawasiliano mashambani na kwenye zahanati. Kisha redio zile zikapitwa na wakati, na yeye akastaafishwa. Sasa alikuwa akitengeneza pasi na redio kaseti za majirani. Asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo Baba," akaitika, "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" na mara nyingi hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu mpaka jioni.

Nilikuwa mgeni pia shuleni. Wenzangu walikuwa wamejuana tangu chekechea na walichanganya Kihehe wakicheza. Mimi Kihehe nilikuwa najua kuitikia salamu tu. Wakati wa mapumziko nilikaa kwenye ngazi za darasa na kuhesabu mabati ya nyumba za chini yetu. Yaliyokuwa mapya niliyahesabu mara mbili.

Simu tuliyoitegemea ilikuwa dukani kwa Bi. Zuhura, mama mmoja mwenye asili ya pwani aliyeuza vitenge na mafuta ya taa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ili anipigie, Mama ilibidi asafiri kutoka Makongolosi mpaka mjini Chunya. Alipiga mara mbili. Mara ya kwanza tulisalimiana. Mara ya pili Bi. Zuhura aliniita kwa sauti kutoka barazani, nikakimbia bila viatu, nikashika mkono wa simu uliokuwa na joto la sikio lake.

"Haloo! Mama!"

Nikasikia kishindo kama mvua ya mawe juu ya bati, na katikati ya kishindo sauti ya Mama, ndogo sana, ikisema, "Li—"

Ikakatika. Bi. Zuhura aliigonga simu mara tatu pale inapolazwa, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Laini imekufa, mwanangu. Atapiga tena." Nilikaa kwenye gunia la chumvi mpaka alipofunga duka. Hakupiga tena siku ile, wala mwezi ule, wala mwezi uliofuata.

Mwaka ulikuwa unakaribia kutimia tangu nije Iringa, ndipo kompyuta zikaja. Shule moja ya sekondari ya wasichana nje kidogo ya mji ilipewa msaada wa kompyuta sita zilizotumika, kutoka ng'ambo. Zilifika zimefutwa kila kitu ndani, tupu kama vyungu vipya. Kijana wa kigeni aliyezileta aliacha sidii moja, diski laini tatu, na kitabu kinene cha Kiingereza, akaeleza kwamba programu iliyomo inaitwa Linux na ni ya bure, halafu akaugua malaria akarudi kwao. Mkuu wa shule, sista mmoja mnene mwenye haraka, aliulizia mjini nani anaweza kuzifufua. Watu wakamtaja Baba Mkubwa.

Aliletewa moja kwa gari la shule, ajaribie nyumbani kwa kuwa shule yao ilikuwa imefungwa na umeme kule ulikuwa wa kubahatisha.

"Mzee, ukiiweza hii, zote sita ni zako kuzitunza," sista alimwambia, amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi. "Nitakuajiri. Usipoiweza, nazirudisha stoo zikae na panya. Naomba jibu kabla wanafunzi hawajarudi."

"Nitajitahidi, sista," Baba Mkubwa akasema. Nilimwona akifuta mikono kwenye suruali ingawa ilikuwa mikavu. Sijui kama ilikuwa furaha au woga. Nadhani ni muda mrefu tangu mtu amwite kwa kazi isiyokuwa pasi.

Aliiweka juu ya meza ya chumba cha mbele na kuifungua ubavu. Siku za kwanza nilikaa kwenye kigoda nikimwangalia. Alikuwa anasoma kitabu kile kwa kidole, mstari kwa mstari, na neno lililomshinda aliliandika pembeni kwa penseli aje amuulize mwalimu mmoja jirani. Alinifundisha majina bila kunitazama: huu ubao ndio mama wa vyote, hii ndiyo diski inayotunza, huu mkanda mpana wa kijivu ndio barabara. Mimi nikamuuliza ikipona itafanya kazi gani.

"Mambo mengi," akasema. Akafikiri. "Wanasema mtu akiwa nayo hapa, na mwingine akiwa nayo mbali, wanaweza kuongea. Hata mtu awe wapi."

"Hata Chunya?"

"Hata Chunya," akasema, akirudi kwenye kitabu.

Kwake yalikuwa maneno tu, lakini mimi usiku ule sikulala vizuri.

Kuipakia ile programu kulichukua siku tatu. Kwanza kompyuta haikuitambua sidii yake yenyewe, akabadilisha mkanda. Halafu ikagoma katikati, akaanza upya. Siku ya tatu jioni, kabla ya kuwasha taa, skrini ikasema imemaliza, atoe diski laini na kuiwasha upya. Akatoa. Akawasha. Feni ikalia, ile harufu ya vumbi la moto ikatujia, skrini ikawa nyeusi, na juu kabisa kushoto zikatokea herufi mbili nyeupe:

LI

Pembeni yake kialama kidogo kikawa kinapepesa, kinapepesa. Hakikuendelea.

Baba Mkubwa akashusha pumzi. "Imekwama."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake na mwili wote umenisisimka. Yeye aliona imekwama. Mimi niliona kwamba Mama amepata laini, na laini imekatika palepale ilipokatika dukani kwa Bi. Zuhura.

Leo najua kilichokuwa kinatokea. Kuna programu ndogo iliyokuwa inaamsha mashine za namna ile, ikiitwa LILO, na ilikuwa na tabia ya kuandika jina lake herufi moja moja kadiri inavyofaulu kila hatua. Ikifika LI ikakwama, maana yake sehemu ya kwanza imefika salama, imeiita ya pili, lakini ya pili haiwezi kufanya kazi, kwa sababu mashine na diski hazikubaliani jinsi ya kuhesabu nafasi. Ni tatizo dogo. Nilikuja kulisoma ukubwani, nikiwa na kazi na mume, na nililisoma mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kwa wiki nzima Baba Mkubwa alipambana nayo. Kila alipoiwasha, LI. Mimi nilikuwa napenda kila alipoiwasha. Nilijifunza kukaa mahali ambapo herufi zile zingeniona vizuri, kwenye pembe ya meza, uso wangu ukiwa usawa wa skrini. Nikitoka shule sikukaa tena kwenye ngazi, nilikimbia nyumbani. Niliacha hata kuhesabu mabati.

Kisha ikaja Jumanne ambayo Baba Mkubwa alikwenda kumtafuta yule mwalimu jirani kazini kwake. Aliniambia chakula kiko jikoni na nisiguse mashine. Nilikula nimesimama. Halafu nikaenda chumba cha mbele, nikafunua kitambaa, nikabonyeza kitufe.

LI.

"Mama," nikasema, taratibu, kwa sababu dirisha lilikuwa wazi. "Mama, ni mimi. Niko hapa. Malizia."

Kialama kikapepesa. Nikamweleza kwamba nimekuwa wa sita darasani. Nikamweleza kwamba sweta limeanza kunibana. Nikamuuliza foleni imebaki watu wangapi. Baada ya kila neno nilinyamaza kumpa nafasi, kama tunavyofundishwa kufanya mbele ya wakubwa. Jogoo wa jirani akawika. Hakuna kilichobadilika.

Nikakumbuka Bi. Zuhura alivyoigonga simu. Nilimwona pia Baba Mkubwa, mara nyingi mashine inapoanza, akibonyeza kitufe kimoja pembeni ya kibodi na kuingia kwenye ukurasa wa bluu uliojaa maneno. Nikazima, nikawasha, nikabonyeza. Bluu ikaja. Nikashuka kwa mishale mpaka kwenye mstari ulioandikwa NORMAL, na nilipobonyeza likageuka kuwa neno ninalolijua: LARGE. Lilikuwa limeshonwa kwenye kola ya sweta la Baba Mkubwa, na yeye mwenyewe alishaniambia maana yake ni kubwa. Nikafikiri: nikiikuza njia, sauti ya Mama itapata pa kupita. Nikamalizia kwa vile vitufe alivyokuwa anamalizia yeye.

Mashine ikaanza. Ikaandika L. Kisha badala ya I ikaandika 01, ikaandika 01 tena, na tena, na tena, mbio, mstari ukajaa, mwingine ukaanza, namba zikateremka skrini nzima bila kikomo. I yangu haikuwepo. Niliziona namba zile kama mtu anayegonga mlango kwa nguvu, amefungiwa ndani. Nikaichomoa kwenye ukuta. Nikairudishia kitambaa. Nikaenda kukaa chooni uani mpaka aliporudi.

Siku mbili zilizofuata sizisahau. Baba Mkubwa aliwasha, akaona namba zile, akavua miwani na kuivaa tena. Aliamini diski inakufa. Akaifungua mashine yote mpaka ikabaki vipande juu ya gazeti. Alipuliza vumbi. Alikwenda kwa miguu mpaka shuleni akaazima mkanda wa kompyuta nyingine, akarudi kwa miguu. Alisafisha meno ya kadi kwa raba yangu ya shule. Kila akiwasha, namba. Hakuniuliza chochote, maana hakuwaza kwamba mtoto anaweza kuwa ameingia humo. Nami nilikuwa nimebeba kitu kizito mno. Nilijua nimemkata Mama ulimi, na nilijua mzee huyu anaadhibiwa kwa kosa langu, na sikuweza kuongea.

Alhamisi mchana sista alituma ujumbe kwamba angekuja Jumamosi. Baba Mkubwa aliusoma akaukunja. Kisha akaanza kuokota skrubu moja moja na kuzitia kwenye kopo la kahawa.

"Unaifunga, Baba?"

"Naifunga irudi." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Labda mambo haya si ya umri wangu, mwanangu. Zamani nilikuwa nikisikiliza redio tu najua inaumwa wapi. Hii sielewi inaniambia nini."

Nikaanza kulia kabla sijafungua mdomo. "Ni mimi, Baba."

"Ni wewe nini?"

"Niliigusa. Jumanne. Niliingia kule kwenye bluu."

Akaweka kopo chini. Nilifikiri atanichapa, na ningeshukuru. Lakini akachuchumaa mpaka macho yetu yakawa sawa. "Uliingia ukafanya nini? Niambie polepole. Usiruke kitu."

"Nilibadilisha neno. Niliweka LARGE."

"Kabla yake kulikuwa na neno gani?"

"NORMAL."

"Na baada ya hapo ndipo zikaja hizi namba?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Alibaki vile vile amechuchumaa, ananitazama bila kuniona, midomo ikimcheza. Halafu akainuka haraka kuliko nilivyowahi kumwona, akarudishia mikanda, akawasha, akaingia kwenye bluu. Kwenye mstari ule kulikuwa na neno la tatu, herufi tatu tu, LBA. Akachukua kitabu, akafunua nyuma, nyuma, mpaka kwenye ukurasa aliokuwa ameuruka kwa sababu ulijaa hesabu.

"Kumbe," akasema. "Kumbe diski haijafa. Haisomwi sawasawa. Lili, umeona? Neno likibadilika, na ugonjwa unabadilika. Kwa hiyo ugonjwa uko hapahapa!"

Hakuwa amewahi kuongea nami kwa furaha kama ile, na aliongea akinishika bega. Hakunichapa. Hakuniuliza kwa nini niliigusa. Ijumaa hakunipeleka shule. Kwenye bluu aliliweka lile neno la tatu, akaanza kuipakia programu upya tangu kulipokucha, mimi nikimpa diski moja baada ya nyingine anapoziita, na kwenye saa tisa alasiri ikamaliza.

"Haya," akasema, akasogeza kiti. "Washa wewe."

Nikabonyeza. Feni. Weusi. Kisha ikaja L. Ikaja I. Nikashika ukingo wa meza. Kialama kikapepesa mara moja, na ikaja L ya pili.

LIL

Ilikuwa imebaki herufi moja tu. Mama alikuwa amefika mlangoni kabisa.

Ikaja O.

Baada ya hapo maandishi yakamiminika, mamia ya mistari, yakipanda juu kwa kasi, mashine ikijitaja viungo vyake vyote kimoja kimoja. Baba Mkubwa akapiga makofi. "Imeamka! Lili, imeamka! Tazama!" Alikuwa anacheka, mzee yule, na meno yake sikuwa nimewahi kuyaona yote.

"Baba," nikasema. "Imekosea."

"Haijakosea, mama. Imekwenda sawa kabisa."

"Imekosea. Mimi siitwi Lilo."

Akaendelea kucheka kidogo, kisha kicheko kikamwisha chenyewe. Akanigeukia. Nikamwambia yote, la simu na la foleni na la Jumanne, na jinsi nilivyokuwa nikikaa pembe ya meza. Nilipomaliza hakusema "mtoto wewe" wala hakusema ni upuuzi. Alivua miwani akaishikilia mapajani. Nyuma yake mashine ilikuwa imetulia, ikisubiri mtu aandike kitu.

"Ulidhani ni yeye anakuita."

"Ndiyo."

"Mimi ndiye niliyekosea," akasema. "Mama yako aliniandikia barua tangu mvua za kwanza. Nilisema nitakuambia ukikua kidogo. Makongolosi amepata mtu. Sasa wana mtoto."

Nikauliza swali moja tu. "Kwa hiyo hayuko kwenye foleni?"

"Hapana, mwanangu. Hakuna foleni."

Sista alikuja Jumamosi, akaona, akafurahi, akampa Baba Mkubwa kazi na ufunguo wa chumba cha kompyuta. Nakumbuka aliniletea pipi na sikuila. Baba Mkubwa alimwomba wiki moja kabla ya kuanza, akasema ana safari ya lazima.

Tulisafiri siku mbili. Tulilala Mbeya kwa rafiki yake wa zamani wa mambo ya redio, na kesho yake tukapanda basi la Chunya lililopanda milima kwenye ukungu kisha likashuka upande wa pili kwenye joto na miti mikavu. Nilivaa gauni la Krismasi. Njia nzima nilikuwa napanga nitakachosema, na nilikuwa nimepanga kutolia.

Makongolosi ilikuwa kelele. Mashine za kusaga mawe zilikuwa zinanguruma kila upande, na watu wote walikuwa na vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Tuliulizia kibanda cha mpishi anayetoka Iringa, tukaonyeshwa turubai la bluu lenye mabenchi mawili. Mama alikuwa ameinama juu ya sufuria, mtoto mchanga mgongoni, amenenepa, kitambaa cheupe kichwani. Wachimbaji watatu walikuwa wanakula. Aliinua uso kuona wateja gani wameingia.

"Jamani," akasema. "Jamani, shemeji." Kisha akaniona. Akaweka mwiko chini, akashika kinywa. Alinikumbatia, na nilisikia joto la yule mtoto kupitia mgongo wake. Alilia. Mimi sikulia, kama nilivyopanga. Halafu akaniachia, akachukua kiti pekee kilichokuwa na mgongo, akakifuta kwa upindo wa kitenge, mara mbili, vizuri, na kukisogeza mbele yangu.

"Karibu ukae, Lili," akasema.

Nilikaa. Mpaka leo nikifutiwa kiti mahali nasema nitasimama tu. Mama yako hakufutii kiti. Anakuambia ondoa hicho hapo nipite, au nenda kachote maji. Mimi nilikaa pale nimeweka miguu pamoja, nikapewa wali na nyama sahani ya kwanza kabla ya watu wote, na mume wake mpya alipokuja nikamwamkia, akaitika vizuri tu. Alikuwa mtu mwema. Hakuna aliyekuwa mbaya pale.

Tulikaa siku mbili. Nilimbeba mdogo wangu, alikuwa na nywele laini na alishika kidole changu hataki kuachia. Mama alinishonea vifungo vilivyolegea. Alisema mambo yakikaa sawa atanichukua, na alipokuwa akisema alikuwa anatazama sindano. Asubuhi ya tatu Baba Mkubwa alinichukua pembeni, nyuma ya kibanda, penye magunia ya mkaa.

"Jumatatu unatakiwa shuleni kwako," akasema. "Lakini na hapa kuna shule, nimekwenda kuiona. Unabaki, au tunarudi? Ukisema kubaki sitakasirika."

Sijawahi kuulizwa swali kubwa kama lile, si kabla na si baada ya hapo. Nilimtazama Mama kupitia tundu la turubai. Alikuwa anagawa chai, mtoto ameanza kulia, na alikuwa anamtikisatikisa kwa mgongo bila kuacha kumimina.

"Tunarudi," nikasema.

Mama hakubisha. Alitufungia maandazi kwenye gazeti, akatusindikiza mpaka stendi, akasimama chini ya dirisha letu na mtoto mgongoni akiwa amelala. Baba Mkubwa alikuwa amekaa upande wa dirisha, mimi katikati. Kondakta akapita akigawa nafasi, akaniona nimebanana na mama mwenye kuku, akapaza sauti.

"Huyu mtoto ni wa nani? Apakatwe, watu wakae!"

Mama alifungua mdomo pale chini. Nilimwona. Alinitazama, akamtazama Baba Mkubwa, akaweka mkono kwenye bati la basi.

"Ni wa huyo baba hapo," akasema.

Baba Mkubwa akainuka, magoti yakigonga kiti cha mbele, akanipisha nikae dirishani.